Kujitengenezea Sabufa ya Sebuleni: Boksi Kwanza, Wati Baadaye

Sebule nyingi zinazojengwa siku hizi Dodoma, kuanzia Nkuhungu hadi Ilazo na Kisasa, zina kuta za tofali za saruji, sakafu ya vigae, dari ya jipsamu na madirisha ya aluminiamu. Chumba cha namna hiyo hakinyonyi besi bali huirudisha karibu yote ndani, na hapo ndipo sabufa iliyochaguliwa dukani kwa kuangalia wati zilizobandikwa usoni mwake inapoanza kuvuma sauti moja ileile katika kila wimbo, huku vioo vikitetemeka na maneno ya mwimbaji yakimezwa. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kutengeneza sabufa yenye spika ya inchi 10 katika boksi lililofungwa kabisa, kwa ajili ya sebule ya takriban mita 4 kwa 5. Yeyote anayeweza kupima kwa futi kamba na kutumia bisibisi anaweza kuifanya, na sehemu kubwa ya muda itatumika kusubiri gundi na rangi vikauke.

Kwa nini boksi ndilo linaloamua

Koni ya spika inaposukuma hewa kwa mbele, huivuta kwa nyuma kwa wakati huohuo. Spika ikiachwa wazi bila boksi, mawimbi ya mbele na ya nyuma hukutana na kufutana, hasa yale ya masafa ya chini, na ndiyo sababu spika ya inchi 10 iliyolazwa mezani hutoa sauti nyembamba. Boksi huyafungia mawimbi ya nyuma. Wakati huohuo, hewa iliyofungiwa ndani hugeuka springi inayoizuia koni isiende mbali kupita kiasi, na ugumu wa springi hiyo hutegemea ujazo wa boksi. Boksi likiwa dogo mno, springi huwa ngumu na besi huwa na mvumo mnene usioshuka chini. Likiwa kubwa mno, koni hukosa wa kuizuia na huweza kugonga mwisho wa njia yake muziki unapopanda.

Ujazo unaofaa, kwa hiyo, haukisiwi kwa macho wala hauigwi kutoka kwenye boksi la jirani, kwa kuwa kila spika ina tabia zake. Neville Thiele wa Australia alichapisha njia ya kuzikokotoa tabia hizo mwaka 1961, na Richard Small akaikamilisha mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hadi leo watengenezaji makini huambatanisha na spika karatasi yenye vipimo vinavyobeba majina ya watu hao wawili. Vitatu kati yake ndivyo utakavyovihitaji: Fs, yaani masafa ambayo koni hupenda kutikisika yenyewe, Qts, inayoonyesha jinsi spika inavyoweza kuizuia koni yake isiendelee kutikisika baada ya mdundo kupita, na Vas, ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na ule wa vishikizo vya koni.

Kuchagua spika

Spika za besi zinazopatikana kwa urahisi mjini ni zile zinazouzwa katika maduka ya muziki wa magari, na usipoipata unayoitaka unaweza kuagiza kutoka Kariakoo ikaletwa kwa basi. Kabla ya kulipa, omba karatasi ya vipimo na usome Qts. Spika yenye Qts kati ya 0.4 na 0.6 inafaa kwa boksi lililofungwa. Iliyo chini ya hapo hufanya vizuri zaidi katika boksi lenye bomba, yaani lenye njia ya kupitishia hewa nje, na iliyo juu zaidi hudai boksi kubwa mno kwa sebule. Muuzaji asipokuwa na karatasi, na jina la spika lisipopatikana popote mtandaoni pamoja na vipimo vyake, ninashauri uiache hata ikiwa ya bei nafuu, kwa sababu utakuwa unatengeneza boksi kwa kubahatisha.

Puuza kabisa wati za PMPO, yaani nguvu inayodaiwa kufikiwa kwa kitambo kifupi mno. Namba hiyo haina kipimo kimoja kinachokubalika, na ndiyo inayomwezesha mfanyabiashara kuandika wati 1,200 kwenye chombo kinachotumia umeme mdogo kuliko balbu mbili za zamani. Angalia wati za RMS, yaani nguvu ambayo spika huhimili mfululizo. Kwa sebule yetu spika yenye RMS ya wati 100 hadi 200 inatosha sana. Angalia pia kwamba sumaku ni sumaku kweli, kwa kuwa baadhi ya spika za bei ya chini huvikwa mpira mnene kwa nyuma ili sumaku ndogo ionekane kubwa. Ukiibonyeza kwa kidole pembeni utausikia mpira ukibonyea.

Jambo la mwisho dukani ni omu, kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme. Spika nyingi za magari zina koili mbili za omu 4 kila moja, ambazo zikiungwa kwa mfuatano hutoa omu 8 na zikiungwa sambamba hutoa omu 2. Amplifaya ndogo nyingi haziwezi kuhimili omu 2, kwa hiyo kwa mtu anayeanza ni afadhali kununua spika ya koili moja ya omu 4. Multimita ikiwekwa kwenye ncha zake itasoma kidogo chini ya 4, na hiyo ni kawaida, kwa kuwa multimita hupima ukinzani wa waya wa koili peke yake.

Hesabu ya ujazo

Tuseme karatasi ya spika yako inasema Fs ni hezi 32 (mitikisiko 32 kwa sekunde), Qts ni 0.45 na Vas ni lita 50. Lengo letu ni kwamba spika ikiwa ndani ya boksi, Q ya mfumo mzima iwe 0.707, kiwango ambacho besi hubaki tambarare hadi chini kadiri inavyowezekana bila kuvimba popote. Gawanya 0.707 kwa 0.45 upate 1.571. Zidisha jibu hilo kwa lenyewe upate 2.47, utoe 1, ubaki na 1.47. Kisha gawanya Vas, yaani 50, kwa 1.47, na jibu lake ni lita 34, ambao ndio ujazo halisi wa hewa unaotakiwa. Ukizidisha Fs kwa ile 1.571 ya mwanzo utapata hezi 50, ambapo sauti itakuwa imepungua kwa desibeli 3. Chini ya hapo hushuka kwa desibeli 12 kila oktevu, yaani kila masafa yanapopungua kwa nusu, lakini chumba kidogo chenye kuta ngumu huyainua masafa ya chini kabisa na kufidia sehemu ya upungufu huo. Kuta zetu za tofali, zinazotusumbua kwingine, hapa zinatusaidia.

Ongeza kwenye lita 34 nafasi itakayoliwa na sumaku na fremu ya spika, takriban lita 1.5, pamoja na mbao za kukaza boksi kwa ndani na vitu vidogo vingine, takriban lita 1. Jumla ni lita 36.5. Boksi lenye nafasi ya ndani ya sentimita 33 kwa 33 kwa 33.5 linakupa kiasi hichohicho. Spika yako ikiwa na namba tofauti, rudia hesabu kwa namba zake wala usichukue vipimo vyangu.

Wengi huuliza kuhusu boksi lenye bomba. Kweli hushuka chini zaidi na hutoa sauti kubwa zaidi kwa wati zilezile, ila hudai usahihi mkubwa: boksi la lita 60 linalokusudiwa kuvuma kwa hezi 30 kupitia bomba la kipenyo cha ndani cha sentimita 10 linahitaji bomba la urefu wa sentimita 36 hivi, na ukikosea ujazo au urefu, mvumo huhama mahali pake. Boksi lililofungwa husamehe kosa la lita mbili bila mtu kusikia tofauti. Kwa boksi la kwanza sioni sababu ya kuchagua lingine.

Mbao

Mbao za msonobari zinapatikana kila karakana ya seremala, lakini hazifai kwa kazi hii. Dodoma ina kiangazi kirefu na kikavu chenye upepo, na ubao uliokatwa na kugundishwa wakati wa mvua hunywea ufikapo Agosti, viungo vikaachana na boksi likaanza kuvuja hewa. Tumia MDF ya milimita 18, ambayo ni nzito, haina mishipa wala mafundo, na haipindi kwa ukavu. Adui yake ni maji, nami nitalirudia jambo hilo kwa sababu sakafu zetu hudekiwa. Plaiwudi nzuri ya unene huohuo pia inafaa, mradi ukiikata usione mapengo katikati ya tabaka zake.

Nusu ya shiti la futi 8 kwa 4 inatosha. Kata vipande hivi: vitatu vya sentimita 36.6 kwa 36.6, viwili vikiwa vya mbele na kimoja cha nyuma. Viwili vya 36.6 kwa 33.5 kwa ajili ya juu na chini. Na viwili vya 33 kwa 33.5 vya ubavuni. Mabaki yatakupa vipande viwili vya upana wa sentimita 5 na urefu wa 33 vya kukaza ndani. Mpelekee fundi mwenye msumeno wa meza akukatie, kwa kuwa mikato iliyonyooka ndiyo itakayofanya viungo vibane, na usimame naye akatapo ili vipande vya kipimo kimoja vikatwe bila kusogeza kizuizi cha msumeno. Vumbi la MDF ni baya kwa mapafu: vaa barakoa, na kazi ya kukata na kupiga msasa ifanyike nje.

Kutoboa tundu la spika

Gundisha vipande viwili vya mbele pamoja kwanza ili uso wa boksi uwe na unene wa milimita 36, maana ndio unaobeba uzito wa spika na kishindo chake chote. Paka gundi nyeupe ya mbao pande zote mbili, bana kwa klampu au weka matofali juu, na uache usiku kucha.

Kwa spika nyingi za inchi 10 tundu huwa na kipenyo cha karibu sentimita 23, lakini pima ya kwako. Kinachopimwa ni fremu pale inapozama ndani, wala si ukingo wa nje wenye matundu ya skrubu. Chora mistari miwili kutoka kona hadi kona ili upate katikati, gongelea msumari mdogo hapo, chukua kipande chembamba cha ubao chenye tundu la msumari upande mmoja na la penseli upande mwingine, uzungushe. Toboa kwa drili ndani ya mstari, kisha ingiza msumeno wa jigso na uzunguke polepole, kwa sababu kwenye unene wa milimita 36 bapa lake hupinda likisukumwa, na tundu likawa duara kwa juu na yai kwa chini. Jaribisha spika kabla ya kuendelea.

Kuunganisha na kuziba

Hatua hii ndiyo inayostahili subira yako yote. Anza kwa kuunganisha chini, juu na ubavu mbili ziwe fremu, ukihakikisha kwa skwea kwamba kila kona ni ya nyuzi 90. Toboa njia za skrubu kwa drili ya milimita 3 kabla ya kukaza, maana ukingo wa MDF hupasuka skrubu ikilazimishwa. Tandaza gundi kwa wingi wa kutosha ili unapokaza skrubu za inchi 2 uone shanga ndogo za gundi zikijitokeza katika urefu wote wa kiungo bila kukatika. Pale ambapo shanga hazikutokea, gundi haikufika, na hapo ndipo hewa itakapopita. Fungua, ongeza gundi, kaza tena. Weka vile vipande viwili vya kukaza katikati ya boksi, kimoja kikiunganisha ubavu na ubavu, kingine juu na chini, vikikaa nyuma ya mahali sumaku itakapofika.

Funga uso na mgongo kwa njia hiyohiyo. Gundi ikishakauka, pitisha mkono kupitia tundu la spika na upake silikoni katika kila kona ya ndani, ukiisambaza kwa kidole. Acha wazi kwa saa 24 au zaidi kabla ya kufunga spika, kwa sababu mvuke wa silikoni mbichi ukifungiwa ndani huweza kudhuru gundi ya koni na metali za spika.

Kwa nje, ziba vichwa vya skrubu kwa puti, piga msasa, na zingatia kingo zilizokatwa, ambazo hunyonya rangi kama sifongo. Zipake kwanza gundi nyeupe iliyochanganywa na maji kidogo, piga msasa laini, ndipo upake rangi, hata kwa upande wa chini usioonekana. Kisha funga miguu ya mpira au ya mbao yenye kimo cha sentimita 3 au 4. MDF ikikaa moja kwa moja juu ya vigae, tambara la kudekia litakuwa linainywesha maji kila asubuhi, na ikishavimba hairudi.

Spika na waya

Weka nyuma ya boksi kibati cha kuunganishia waya, kikiwa na mpira au silikoni kwa chini yake. Tumia waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 kutoka hapo hadi kwenye spika, na ulehemu viungo vyote, kwa kuwa kilichosokotwa tu hulegea kwa mtetemo. Jaza ndani nyuzi za poliesta kama zile za mito, gramu 300 hivi, zikiwa zimechambuliwa zisikae madonge, na uzifunge kwa uzi zisiguse koni. Nyuzi hizo hutuliza mwangwi wa ndani na kulifanya boksi lifanye kazi kana kwamba ni kubwa kidogo kuliko lilivyo.

Bandika utepe wa sponji kuzunguka tundu, weka spika, na kaza skrubu kwa kukabiliana, kidogo kidogo, kama unavyokaza nati za tairi. Kisha gusisha betri ya volti 1.5 kwenye ncha za nje kwa sekunde moja: koni ikitoka mbele, ncha iliyopokea chanya ndiyo chanya, nawe utaipaka alama nyekundu.

Amplifaya

Sishauri mtu asiye fundi umeme afungie transfoma na waya za volti 230 ndani ya boksi analotengeneza mwenyewe. Njia salama ni kununua bodi ya amplifaya ya daraja D iliyokusudiwa sabufa, yenye kichujio chake cha masafa ya chini, na kuilisha kwa adapta iliyofungwa ya volti 24 na ampea 5. Kwa volti hizo na spika ya omu 4 utapata takriban wati 60 halisi. Zinaonekana chache, lakini kuongeza wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, na ili sikio lisikie sauti imekuwa mara mbili zinatakiwa wati mara kumi hivi. Sebule ya mita 4 kwa 5 haitakuomba zaidi. Iweke bodi katika kasha lake lenye matundu ya hewa nje ya boksi la spika, na ulipulize vumbi mara kwa mara, maana vumbi jekundu la kiangazi hufunika kipozajoto na kukinyima hewa.

Chukua sauti kutoka kwenye tundu lililoandikwa SUB OUT kama redio yako inalo, au kutoka kwenye njia ya kawaida ya sauti ya televisheni, kisha weka kichujio kwenye hezi 80. Wimbi la hezi 80 lina urefu wa zaidi ya mita 4, na sikio haliwezi kutambua kwa urahisi linatokea upande gani, jambo linalokupa uhuru wa kuiweka sabufa popote chumba kinapoipenda.

Kujaribu na kutafuta mahali

Kwanza tafuta uvujaji. Cheza toni ya hezi 40 kwa sauti ya wastani na upitishe kijiti cha udi kinachofuka karibu na kila kiungo. Moshi hupanda wima, na palipo na tundu huanza kutikisika kwa pumzi fupifupi, huku ukisikia mlio mdogo wa hewa. Ziba kwa silikoni hata kama ni pa upana wa sindano.

Kuhusu mahali pa kuiweka, chumba cha urefu wa mita 5 hukuza masafa ya karibu hezi 34, na upana wa mita 4 hukuza hezi 43, kwa kuwa sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde na wimbi hujikunja baina ya kuta. Katika kona masafa hayo yote huamka, na besi huwa nyingi lakini ya kuvuma. Njia bora ni kuiweka sabufa palepale kwenye kochi unapokaa, ukacheza wimbo wenye besi inayopanda na kushuka, kisha ukatembea ukiwa umeinama kando ya kuta na kusikiliza. Mahali ambapo kila noti inasikika kwa nguvu inayolingana na nyingine, hapo ndipo pa kuiweka. Kwa kupimia, mimi hupenda rekodi ya ngoma ya muheme ya akina mama wa Kigogo: kila pigo lisikike limeanza na kuisha kabla ya lingine kuingia. Mapigo yakishikana kuwa mngurumo mmoja, sogeza sabufa kutoka kwenye kona kwa nusu mita na usikilize tena. Zulia nene halitasaidia kitu kwa masafa haya, ingawa makochi makubwa na mapazia mazito hupunguza mwangwi wa sauti za juu na kuufanya muziki wote uwe mtulivu.

Geuza pia swichi ya fezi kwenye amplifaya, inayobadili mwelekeo wa mwendo wa koni, na uchague upande ambao besi inasikika imejaa zaidi ukiwa umekaa. Kisha cheza toni inayopanda taratibu kutoka hezi 30 hadi 100 na uzunguke chumbani ukigusa vitu: vioo vya aluminiamu katika reli zake, taa za dari, glasi kabatini. Kila kinachonguruma chini ya kiganja chako kiwekee kipande cha sponji au ukaze skrubu yake, kwa kuwa kelele hizo mara nyingi ndizo watu wanazodhani ni ubaya wa sabufa. Usiku punguza, maana hezi 40 hupita kwenye ukuta wa tofali kwa urahisi kuliko maneno, na jirani atausikia mdundo bila kuusikia wimbo.

Baada ya wiki chache utepe wa sponji utakuwa umekandamizika, hivyo pitia tena skrubu za spika kwa bisibisi ya mkono, bila kutumia drili. Ikiwa mojawapo imekula mbao na inazunguka bure, itoe, jaza tundu kwa gundi na vijiti vya meno, acha vikauke usiku mmoja, kisha uirudishe.